Ndege Niliyoipukuchua

Mwanangu Nyandwi,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Wewe hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji vikombe viwili, ukaenda Kasulo kuwaaga wajomba zako, na umevaa viatu vile vya Krismasi vinavyokubana ila hutaki kusema. Nami unanijua, goti ni lile lile la kushoto. Basi salamu tumezimaliza.

Anayeandika ni dada yako Skolastika. Amekaa kwenye kigoda hapa jikoni, ameweka daftari juu ya ungo, mimi nasema yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila neno hata nikipotea njia. Wewe ukisoma barua iliyonyooka utasema hii siyo ya mama, hii ni ya karani.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wewe ambaye jioni utakuja kula hapa hapa. Mwanangu, kwa mdomo nimeshajaribu mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa tunapalilia kahawa, nikaanza vizuri, mara nikajikuta nasimulia habari za mbuzi wa jirani. Mara ya pili ulikuwa na malaria, nikasema nisimwongezee homa. Mara ya tatu ni juzi, ulipokuwa unafunga begi, nikafungua mdomo nikakuuliza kama unataka chumvi. Chumvi ya nini kwenye begi? Mdomo wangu unajua vichochoro vyote vya kukimbilia. Karatasi haina kichochoro, hasa ikishikwa na Skola.

Habari za kufua, kula na kusali sikuambii. Miaka minne ya bweni imekufundisha, na kama haikukufundisha, mimi usiku mmoja sitaweza. Neno langu ni moja, linamhusu balozi Anselimu.

Najua jina hilo hulipendi. Lakini ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, hatuna mwingine, na ile barua ya utambulisho yenye mhuri lazima itoke kwake. Wewe mwenyewe ulinisomea karatasi ya kukuita Mwanza: bila barua ya balozi, kwenye karakana ya ndege hawakupokei. Na lori la buni linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Juzi nilikusikia ukimwambia Skola kwamba bora ukose Mwanza kuliko kumpa shikamoo yule mzee. Ulidhani nimekwenda kuchota maji. Nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo tupu, miguu imekataa kutembea. Kwa sababu huo moto unaouota moyoni mwako, aliyeuwasha ni mimi.

Sasa tulia, nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka tulivyohamishwa kutoka kule kilimani? Ulikuwa mdogo, ulikuja umebebwa juu ya magodoro. Walisema wote tukae pamoja kando ya barabara, tupate shule na zahanati na bomba. Shule tuliipata, sikatai, ndiyo imekufikisha ulipo. Bomba lilitoa maji miezi miwili. Ila mimi migomba yangu iliachwa kule juu, na baba yako, Mungu amrehemu, aliwahi kulala huko siku tatu peke yake kwenye nyumba isiyo na paa, akisema anailinda. Analinda nini, kuta? Lakini nilimwelewa.

Tulipofika huku chini, nyumba zikapangwa mistari kama viazi, na kila mlango ukaandikwa namba kwa chokaa. Anselimu ndiye alikuwa anaandika. Mimi namba sikuitaka. Nilisema mimi mtu, siyo gunia la buni. Alipoondoka nikaifuta kwa jani la mgomba. Akarudi, akaandika. Nikafuta. Mara ya tatu akasimama mlangoni na kopo lake la chokaa akaniambia, "Mama Nyandwi, chokaa ni ya serikali, lakini mkono ni wangu, na unauma." Nikacheka, nikamwachia. Ila moyoni nikabaki na dharau kwa namba. Hata walipokuja na madarasa ya ngumbaru, mimi nilikuwa nakaa nyuma kabisa natengeneza ukili, mwalimu akiniuliza hii ni ngapi namwambia wewe unayelipwa ndiye utuambie. Wanawake wenzangu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Kumbe najicheka mwenyewe. Utaona.

Shamba likiwa mbali, nikatafuta kazi ya kufua misheni. Ndiko ulikokutana na zile ndege.

Mimi nilishangaa kabla yako. Mzungu mzima, padri, ndevu nyeupe mpaka kifuani, chumba chake kimejaa ndege za plastiki zimening'inia kwa nyuzi. Nilipokuwa naingia kuchukua mashuka nilikuwa nainama zisinipige kichwani. Mchana akishakula, anakaa mezani na wembe na kibano na gundi yake ya kunuka, anaunganisha ubawa, anaupuliza, anautazama kwa jicho moja. Siku moja nikamuuliza, "Padri, hizi unatengeneza za nini na haziruki?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, hata rozari hairuki." Nikaenda zangu kuanika mashuka.

Wewe ulikuwa unanifuata baada ya shule. Ulianza kusimama mlangoni, baadaye ukawa ndani, baadaye ukawa na kiti. Alikupa ndege ya kwanza, ndogo, ya pangaboi moja. Ulikuwa na haraka, gundi ikakujaa vidoleni, ukashika kioo cha rubani kabla haijakauka. Alama ya kidole chako ikabaki pale kwenye kioo. Ulilia. Padri akakuambia iache, sasa itajulikana ni ya nani. Ile ndege bado iko kwenye dirisha la chumba chako, na kidole kipo, nimekitazama leo asubuhi. Kidogo, kama cha panya.

Alikuwa na neno moja tu la kukufundisha, akilirudia mpaka hata mimi niliyekuwa napiga pasi nikalishika: kila kipande kikatwe siku yake. Maana vile vipande vinakuja vimeshikana kwenye fito za plastiki, na wewe ulikuwa unasoma kwenye karatasi, unatafuta, unakata kimoja, unakibandika, unaacha vingine vikae kwenye fito zao. Mimi nilikuwa naona ni uvivu. Mimi nikikaa na ungo wa maharage, sisimami mpaka maganda yameisha.

Basi padri akaugua, akarudishwa kwao. Siku ya kuondoka akakuachia boksi kubwa, lenye picha ya ndege ya pangaboi mbili, na nusu ya bomba la gundi. Ulilibeba boksi hilo kichwani kutoka misheni kama unabeba sakramenti. Na hukulianza. Ulisema gundi haitoshi, ulisema unasubiri mtihani, halafu unasubiri likizo. Ulikuwa unalifungua tu, unatazama, unahesabu vipande, unalifunga. Ulipokwenda bweni Biharamulo ulilisukuma chini ya kitanda changu ukaniambia, "Mama, hili lisifunguliwe." Nikakuambia nani alifungue, mimi nina wazimu?

Ndipo vita vikaja.

Wewe ulikuwa shuleni na wenzako, mnaimba, mnachimba mahandaki. Sisi huku tulikuwa wanawake na wazee na redio moja. Vijana wengi walikuwa wamekwenda mgambo. Vita vyenyewe vilikuwa mbali na sisi, upande wa Bukoba, lakini hofu haiulizi umbali. Ndege ikipita juu, hata iwe yetu, watu walikuwa wanajitupa kwenye migomba. Mimi nilijitupa kwenye shimo la choo lililokuwa halijaisha kuchimbwa, nikakaa humo mpaka nikaanza kuchoka na hofu yenyewe.

Siku moja Anselimu akapiga filimbi, tukakusanyika. Akasema moto usionekane nje jioni. Nguo nyeupe zisianikwe juu ya paa. Na mtu mwenye picha za ndege au ramani au darubini, avilete kwake avipeleke ofisini, asije akakutwa navyo na watu wasiomjua. Alisema hivyo akitutazama sote. Mimi nikaona ananitazama mimi. Na pembeni yangu mwanamke mmoja akanong'ona kwamba Rusumo kuna mtu amechukuliwa kwa sababu ya darubini tu. Kama ni kweli sijui mpaka leo. Aliyemwambia aliambiwa.

Mwanangu, mtu mwenye akili angechukua boksi, akalipeleka kwa balozi, akasema hili ni la mtoto, alipewa na padri. Anselimu alikuwa anakujua tangu unabebwa. Lakini mimi nilifikiri, akiliona atauliza mtoto ana ndege za nini, na wewe uko shule ya serikali, watakufukuza, au watakufuata huko. Nikafunga mlango. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, hakuna mtu njiani. Nikalivuta boksi.

Nikasema, boksi lina picha, lichomwe. Karatasi ya maelekezo ina picha za ndege pande zote, ichomwe. Lakini vipande vyenyewe mwanangu amevisubiri miaka, sivichomi. Nivifiche wapi? Nikatazama chungu cha maharage ya mbegu. Fito zilikuwa ndefu, hazikuingia. Basi nikakaa chini, nikanyoosha miguu, nikaweka ungo mapajani, nikaanza kupukuchua.

Skola ameacha kuandika. Ananitazama. Andika, mama, andika hivyo hivyo, ndivyo ilivyokuwa.

Nilikipukuchua kila kipande kutoka kwenye fito, tak, tak, tak. Na kwa sababu leo sifichi kitu, nikuambie na hili: vidole vyangu vilifurahi. Vilikuwa vinatoka vizuri kuliko maharage. Mbawa, mikia, magurudumu, viti vya rubani vidogo kama ukucha. Nikavichanganya na mbegu kwenye chungu mpaka havionekani. Fito zikabaki tupu. Nami nikafanya anavyofanya mtu yeyote wa huku akimaliza kupukuchua: maganda nikayatupa motoni.

Nani anaweka maganda? Maana yake ni nini ganda, harage likishatoka?

Moshi ulikuwa mweusi, unanata. Nikatupia majani ya mkaratusi kuua harufu. Yale mafiga matatu yana doa mpaka leo, wewe huwa unauliza ni nini nasema ni masizi.

Siku ya nne akaja Anselimu. Hakuja kupekua, sikiliza vizuri, hakuja kupekua. Alikuwa ametoka kuchimba handaki la shule tangu alfajiri, ana tope mpaka magotini, akapiga hodi akauliza kama kuna chochote cha kula. Maharage ya kula yalikuwa yameisha. Nilikuwa nimechota kikombe kutoka chungu cha mbegu, juu juu, nikayapepeta nikidhani nimeona yote. Jikoni giza, macho yangu unayajua. Nikampakulia na ndizi.

Akala. Akala. Mara nikasikia, kach.

"Mama Nyandwi."

"Naam."

"Haya maharage ya wapi?"

"Ya kule juu, kwenye shamba letu la zamani."

"Udongo wa kule una nguvu," akasema. Akatoa kitu mdomoni, akakifuta kwenye shati, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa cheusi, cha mviringo, kidogo. "Hiki nini?"

"Kifungo."

"Cha nguo gani?"

"Cha koti la marehemu."

Akakigeuza huku na huku. "Marehemu alikuwa na koti la namna yake." Akakitia mfukoni. Nikasubiri asimame aite watu. Akavuta sahani akamaliza maharage yote mpaka mchuzi, akanawa, akashukuru. Mlangoni akageuka. "Kifungo nitakitafutia kazi. Ila hayo maharage mengine yachambue vizuri, mama, kabla hajaja mgeni mwingine."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza. Leo nayasikia kwa sikio jingine. Siku ile niliyasikia kama mtu anayesikia mlango wa mahabusu. Nilikaa wiki tatu nasubiri kuchukuliwa. Hakuna aliyekuja.

Aliyekuja ni wewe, likizo. Hukuniamkia vizuri hata, ulikwenda moja kwa moja chini ya kitanda. Ukatoka na mikono mitupu. Nikakuonyesha chungu, maana ningekuonyesha nini? Ukakimwaga kwenye mkeka, ukaona mbawa katikati ya maharage.

Ukauliza, "Nani kafanya hivi?"

Nilikuwa na muda wa kusema. Watu husema liliniponyoka, mimi halikuniponyoka. Nilitazama uso wako, nikaona siwezi kuubeba huo uso ukinitazama hivyo maisha yangu yote, nikatafuta mtu mwingine wa kuubeba. Nikasema, "Balozi. Alikuja kupekua. Kavunja, kachoma."

Ukakaa kwenye mkeka kutwa nzima ukichambua. Jioni ukaniambia vipo vyote isipokuwa gurudumu moja. Nikafurahi, nikasema basi si unaweza kuanza? Ukaniambia polepole, kama unamwambia mtoto, "Mama, namba zilikuwa kwenye fito. Kila kipande namba yake iko pembeni, kwenye fito. Sasa sijui kipi ni kipi. Aliyechoma fito hakujua kitu."

Nikasema, "Kweli, hakujua."

Namba, mwanangu. Mimi niliyezifuta mlangoni kwa jani. Sasa hivi nakumbuka tulivyoshushwa kwenye lori hapa barabarani, kila mtu ametolewa kwenye kilima chake, huyu hajui jirani yake ni nani, yule hajui shamba lake liko wapi, na wale waliotuleta wanafikiri kazi imeisha kwa sababu sote tumetimia. Nilijua inavyouma. Na bado nikaifanya, kwenye ungo wangu mwenyewe.

Wewe hukuitupa. Hilo ndilo ninalotaka uende nalo Mwanza kuliko begi. Ulichukua miaka miwili, likizo kwa likizo. Unashika kipande, unakijaribu hapa, hakikai, unakijaribu pale. Gundi ilikuwa imekauka, ukaomba petroli kifuniko kimoja kwa dereva wa lori, ukayeyushia ganda la kalamu iliyokwisha wino, ikawa gundi. Mimi nilikuwa nakushikia mbawa, umezifunga kwa kamba za mgomba, unaniambia mama usipumue. Nilikuwa sipumui kweli. Ulikosea mkia mara tatu, ukaubandua mara tatu kwa wembe. Unajua nilichokuwa nawaza? Nawaza, nimemwibia karatasi, naye anaisoma kwa vidole.

Ikasimama. Pangaboi mbili, inapendeza, gurudumu moja la kweli, na upande wa pili ukaweka harage. Jekundu, ukalitoboa kwa sindano. Mwaka uliofuata likaliwa na mdudu, nikakuchagulia lingine. Tangu hapo kila mavuno, kabla sijaweka mbegu, nachagua harage la gurudumu. Ulikuwa unasema mama anaipenda ndege kuliko mimi. Ilikuwa ni kitubio changu, mwanangu. Kwa padri wa kweli sikwenda.

Wakati huo wote Anselimu ukawa humpi salamu. Unakutana naye njiani unatazama kahawa. Mzee wa watu, tena balozi. Akaniuliza siku moja kisimani, "Mama Nyandwi, kijana wako ana nini na mimi?" Nami nikamjibu, "Ni shule hiyo, imemtia kiburi." Unaona? La kwanza nilimchafua yeye kwako. La pili nikakuchafua wewe kwake. Nikabaki safi katikati, nachota maji.

Wewe nyumba yake hukuingia tena, kwa hiyo kuna kitu hukukiona. Sisi wote tulikiona. Wakati wa vita tulikuwa tunakwenda kwake saa za taarifa ya habari, tunakaa chini, redio iko kwenye kistuli. Redio ile ilikuwa imepoteza kile kitufe cha kutafutia stesheni, alikuwa anaizungusha kwa meno ya koleo. Jioni moja nikaona hatumii koleo. Pale kwenye chuma pana kitu cheusi, cha mviringo, amekitoboa kwa msumari wa moto akakichomeka. Anakizungusha kwa vidole viwili, redio inakohoa, inaongea.

Gurudumu la ndege yako ndilo lilitutafutia habari za vita mpaka vikaisha. Siku waliyotangaza kwamba vimekwisha, mimi nilikuwa nimekaa karibu na kistuli, watu wanakumbatiana, mimi natazama lile gurudumu. Nikasema nitamwambia Nyandwi. Nikaja nyumbani nikakwambia vita vimekwisha. Basi.

Leo asubuhi, ulipotoka tu, nilivaa khanga nzuri nikaenda kwake. Sikupita kisimani, nisije nikapata wa kuongea naye. Nilimkuta anachagua buni. Nikamwambia yote, nimesimama, kama nilivyokuambia wewe hapa. Mkewe akaacha kufagia.

Anselimu akasogeza buni pembeni. Halafu akasema, "Nilikuwa utingo miaka sita, mama. Nimebadilisha matairi kutoka Rusumo mpaka Biharamulo. Tairi nikiliuma silijui?"

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Na boksi nililiona kijana akilibeba kichwani kutoka misheni, kijiji kizima kiliona. Nilipopiga filimbi nilidhani utalileta kwangu, niliweke chini ya kitanda changu mpaka yapite. Hukuja. Nikaja mimi, nikajikuta nalila."

Mkewe akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. Mimi sikucheka. Anselimu naye hakucheka. Akasema, "Hilo la maharage halikuniuma. Kilichoniuma ni miaka yote hii mtoto ananipita kama mti, nami nakaa usiku nahesabu nimemkosea nini, sipati."

Nikamwomba msamaha. Amesema nimesamehewa, ila amelisema kama mtu anayeweka mzigo chini polepole, bado hajanyoosha mgongo. Nikamwomba barua yako. Akaingia ndani, akaileta, nikaiona kwa macho yangu. Imeandikwa zamani, mwanangu, tangu siku zile karatasi ya Mwanza ilipofika, alisikia kwa watu. Imepigwa mhuri, imekunjwa. Nikanyoosha mkono. Akairudisha mfukoni.

"Siyo ya kwako," akasema. "Aje mwenyewe."

Na hapo ndipo tulipo.

Sasa mimi sikuombi, nakuambia. Utanikasirikia, una haki, nikasirikie mimi. Hasira yako ilikuwa na mwenyewe, nikaipeleka nyumba ya watu, sasa nairudisha hapa jikoni. Ukitaka usile chakula changu leo, usile. Ukitaka usiniage kesho, nitasimama mlangoni hivyo hivyo. Lakini Mwanza utakwenda. Sikukushikia mbawa miaka miwili bila kupumua ili ukae hapa kwa ajili ya uongo wangu.

Nyumba ya Anselimu iko njiani kwenda kwenye lori. Ukiamka mapema utamkuta. Mwamkie kwanza, hata kabla hajakukaribisha. Usijaribu kumweleza sana, ameshaelezwa. Atakupa barua. Na namjua, atang'oa lile gurudumu kwenye redio akupe, maana amesema ni mali yako. Ukilichukua ni haki yako. Ila ujue yule mzee atarudi kwenye koleo. Mimi sikupangii. Harage la mwaka huu nimeshalichagua, jekundu, zima, nimelifunga kwenye pembe ya leso yako, lipo kwenye begi upande wa viatu.

Skola anasema karatasi imekwisha. Anafuta macho, anasema ni moshi, na moto haujawashwa.

Nimechovya kidole kwenye masizi ya yale mafiga, nimekiweka hapa chini, ijulikane ni ya nani. Soma kabla jua halijazama. Nipo huku nyuma ya jiko, nachambua maharage.

Mama yako.